Kitabu Chenye Majina Mawili: Uchambuzi wa Kisa cha Oktoba Moja

Nakala ya majaribio ya kitabu changu ilifika tarehe 29 Oktoba, alasiri. Jalada lilikuwa jeusi kama nilivyotaka, na neno moja jeupe katikati: HODI. Nikaugeuza mgongo. Mgongo ulikuwa mwekundu, na wekundu ule ulikuwa umevuka kona ukaingia kwenye jalada la mbele, mwembamba kama uzi, kutoka juu hadi chini. Nikafungua ukurasa wa jina: Hodi. Nikafunua ukurasa wa 8 na kusoma mstari mdogo ulio juu ya matini, ule ambao msomaji huuona bila kuusoma: Chumba Kilichozibwa. Ukurasa wa 10, Chumba Kilichozibwa. Kila ukurasa wa kushoto ulikuwa hivyo, mpaka wa 134. Kitabu kilikuwa na majina mawili, na siku ya kukitoa ilikuwa keshokutwa.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu chanzo chake kilikuwa jambo zuri. Mwezi mzima wa kusoma na kutazama kazi za kutisha ulinifundisha kitu kuhusu hadithi yangu. Nikaitikia somo, na kule kuitikia ndiko kulikokivunja kitabu. Anayejichapishia mwenyewe anaweza kuikuta hali hii mara zaidi ya moja, kwa hiyo nitaeleza ilivyokwenda, siku kwa siku.

Hadithi na mwezi wake

Ilikuwa riwaya fupi, maneno 28,000 ilipofika Oktoba mosi. Mwanamke anarithi nyumba ya shangazi yake. Usiku wa kwanza mtu anabisha hodi. Anafungua mlango wa mbele, hakuna mtu. Anafungua wa nyuma, hakuna mtu. Inachukua siku kadhaa kabla hajagundua kwamba sauti haitoki nje kabisa, inatoka nyuma ya ukuta wa ukumbini, kwenye chumba kilichozibwa kwa matofali kabla yeye hajazaliwa. Hofu yote ya hadithi imekaa juu ya neno ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hulitoa bila kufikiri: karibu. Hodi huidai karibu. Mdomo hujibu kabla akili haijauliza ni nani.

Oktoba niliichagua kwa makusudi. Kaskazini mwa dunia majani yanapukutika na usiku unarefuka, mwezi unafungwa na Halloween, sherehe ya mambo ya kutisha, tarehe 31, na watu ambao mwaka mzima hawagusi hadithi za mizimu huzitafuta katika wiki hizo. Aliyejichapishia hana kampuni ya kumtangazia. Kukitoa kitabu wakati wasomaji wenyewe wanatafuta ni akili, na mpaka leo naitetea tarehe ile. Nikajipangia siku kumi za kusoma, siku kumi za filamu moja kila usiku huku mchana nikirekebisha mswada, na siku kumi na moja za mwisho za uchapishaji.

Nilianza na Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka 1897, kwa sababu nilikumbuka sheria ya mnyonya damu inafanana na ya hodi yangu: hawezi kuingia nyumbani mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe, na baada ya hapo huja apendavyo. Nilichokuwa nimekisahau ni jinsi mwandishi anavyomficha. Dracula tunakaa naye kwa kirefu katika sura nne za mwanzo, ndani ya kasri lake. Kisha anatoweka kwa sehemu kubwa ya kitabu, na sisi tunaachwa na shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti vya watu wanaokutana na alama zake tu. Jina lake liko juu ya jalada, mwenyewe hayupo, na kila kinachotikisika tunadhani ni yeye. Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Katika mswada wangu, aliye nyuma ya ukuta alijitokeza ukurasa wa 41, nami nilikuwa nimemweleza kwa kurasa tatu: nywele, kucha, harufu.

Halafu zikaja filamu. Usiku wa tarehe 13 nilitazama The Haunting, kazi ya Robert Wise ya 1963, isiyo na rangi. Kuna tukio ambalo watu wako chumbani na mlango umefungwa. Kitu kinagonga huko nje, kinanyamaza, halafu ubao wa mlango unaanza kujipinda kuja ndani, polepole, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Unarudi. Unajipinda tena. Filamu inaisha hujaonyeshwa kilichousukuma. Nililirudia tukio lile mara nne, mbili kati ya hizo nimezima sauti. Nilipoizima niliuogopa mlango. Nilipoiwasha niliuogopa ukimya ulio kati ya kishindo na kishindo.

Kesho yake nikafuta kurasa zile tatu, kisha na nyingine zilizozitegemea. Tarehe 20 mswada ulikuwa na maneno 25,700. Yule mwenye nywele, kucha na harufu alibaki na kitu kimoja tu: sauti inayosema hodi kwa adabu, kila usiku imesogea kidogo. Tukio la kati, ambalo zamani lilikuwa na mayowe na taa kuzimika, likawa hivi:

"Hodi," ilisema sauti.

Alikuwa anakunja shuka. "Karibu," akasema, akaendelea kukunja.

Naamini hiki ndicho kipande bora nilichowahi kuandika, na bila ule mlango wa 1963 kisingekuwapo.

Jina tu

Baada ya mabadiliko hayo jina likabaki nyuma. Chumba Kilichozibwa linafichua siri kabla mtu hajafungua kitabu: kipo chumba, na kimezibwa. Nilipokuwa na zimwi la kuelezwa kwa kurasa tatu, haikudhuru sana. Sasa kwa kuwa taharuki yote imehamia kwenye swali la sauti inatoka wapi, jina lenyewe lilikuwa linajibu swali. Tarehe 24 asubuhi nikaamua kitabu kiitwe Hodi, nikampigia simu msanifu wa jalada.

"Kaka, samahani. Nabadilisha jina la kitabu."

Akanyamaza kidogo. "Jina tu, dada?"

"Jina tu."

Jioni ileile jalada jipya lilikuwa limefika, na usiku nikaagiza nakala ya majaribio. Nikirudi nyuma na kutafuta pale kisa kilipopindukia, nasimama kwenye maneno hayo mawili. Yeye aliuliza swali sahihi, nami nikampa jibu lisilo kweli bila kujua.

Kwanza, halikuwa jina tu. Jalada la awali lilisanifiwa tarehe 19 kwa kitabu cha kurasa 148, hesabu niliyompa kutokana na mswada wa mwanzo. Baada ya kupunguza maneno, kurasa zilishuka hadi 136. Jalada la kitabu cha karatasi hutengenezwa kama karatasi moja ndefu: nyuma, mgongo, mbele. Upana wa mgongo hutokana na idadi ya kurasa na unene wa karatasi. Kurasa kumi na mbili zinaonekana si kitu, lakini kwa karatasi niliyoichagua zinafika karibu robo tatu ya milimita, na mgongo mwekundu uliozidi kwa kiasi hicho hauna pa kwenda ila kumwagikia kwenye jalada. Ndio ule uzi. Kama mgongo ungekuwa mweusi kama sehemu nyingine za jalada, nisingeuona, na pengine mgongo wa rangi moja na jalada ni uamuzi wa busara kwa mtu asiye na uhakika na kurasa zake. Mimi niliutaka mwekundu, na nauona mzuri bado.

Pili, na hili ndilo zito, sikuwa najua jina la kitabu linakaa wapi na wapi. Baada ya tukio nilikaa na kalamu nikahesabu. Jalada la mbele. Mgongo. Maelezo ya jalada la nyuma, ambako nilikuwa nimelitaja katikati ya sentensi. Ukurasa wa jina fupi, ule unaotangulia kabisa. Ukurasa wa jina kamili. Ukurasa wa hakimiliki. Kichwa cha kurasa za kushoto. Taarifa zilizofichika ndani ya faili la EPUB, yaani kitabu cha kielektroniki. Usajili wa ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu. Maelezo niliyojaza kwenye jukwaa la kuuzia. Mahali kumi. Nilikuwa nimebadilisha matano: mbele, mgongo, kurasa mbili za jina, na jukwaa. Nusu ya kitabu ilikuwa bado inajiita kwa jina la zamani.

Kila moja ya zile tano zilizobaki ilikuwa na sababu yake ya kuniponyoka. Ukurasa wa hakimiliki niliupita kwa sababu kichwani mwangu ni wa sheria, si wa hadithi. Maelezo ya nyuma yalikuwa yameandikwa mwezi Agosti na nilikuwa nimeacha kuyasoma. Kichwa cha ukurasa hakimo katika matini: kwenye programu ya kupanga kurasa huandikwa mara moja tu katika kiolezo, kisha hujirudia chenyewe, na mimi nilikuwa nabadilisha kwa mkono nikifunua kurasa za mwanzo moja baada ya nyingine. Usajili wa ISBN ulikuwa wa Julai. Namba hizo zina tarakimu 13, kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja huwa na yake, na kitabu kilichokwisha kutoka kikibadilishiwa jina hupaswa kupewa namba mpya. Changu kilikuwa hakijatoka, kwa hiyo ilitosha kurekebisha usajili. Kama kosa lingegundulika wiki moja baadaye, ningeanza upya.

EPUB ilinifikia kwa njia nyingine. Faili hilo kwa kweli ni kifurushi cha mafaili mengi madogo, na mojawapo huorodhesha jina la kitabu, mwandishi na lugha. Programu nyingi za kusomea huchukua jina la kuonyesha kwenye rafu kutoka humo. Siku tatu kabla nilikuwa nimewatumia wasomaji tisa wa awali. Jioni ya tarehe 29, nikiwa bado nimekishika kile kitabu, ujumbe ukaingia kutoka kwa mmoja wao:

"Shikamoo dada. Nimefungua faili naona Chumba Kilichozibwa. Hodi iko wapi?"

"Marahaba, mdogo wangu. Ni hicho hicho. Kosa ni langu, endelea kusoma."

Wengine waliopita njia hii

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshaonywa. Tarehe 17 nilitazama Night of the Living Dead ya George A. Romero, filamu ya wafu wanaofufuka iliyotengenezwa jirani na Pittsburgh, Marekani, kwa fedha za kujichangisha, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba mosi 1968. Kisa chake nakijua siku nyingi. Filamu ilikuwa na jina jingine kabla ya kutoka. Msambazaji akalibadilisha, akaondoa bango la jina la zamani mwanzoni mwa filamu na kuweka jipya. Tangazo la hakimiliki lilikuwa pamoja na jina la zamani, likaondoka nalo, na hakuna aliyelirudisha. Sheria ya Marekani ya wakati ule ililidai tangazo hilo. Filamu ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza, yeyote akaweza kuirudufu na kuiuza, na waliohangaika kuitengeneza wakakosa sehemu kubwa ya walichostahili.

Leo kosa kama hilo haliondoi haki. Marekani iliacha kulidai tangazo kwa kazi zinazotoka tangu tarehe 1 Machi 1989. Ukurasa wangu wa hakimiliki wenye jina la zamani usingeninyang'anya kitabu. Lakini utaratibu wa kosa ni uleule kabisa: mtu anabadilisha jina, hajui ni kitu gani kingine kimeshikamana na jina hilo. Niliitazama filamu ile nikiwa nasoma taharuki, namna wanavyojifungia ndani ya nyumba, ugomvi wao kuhusu chumba cha chini. Nilikuwa mwandishi usiku ule. Mchapishaji aliye ndani yangu alikuwa amelala, na yeye ndiye aliyehitaji kuitazama.

Mfano wa pili ni wa Charles Dickens, na huu umenifariji. Hadithi yake maarufu ya mizimu, A Christmas Carol, aliianza Oktoba 1843 na kuimaliza mwanzoni mwa Desemba, wiki sita tu. Gharama za kuichapa alizibeba mwenyewe, wachapishaji wake wakilipwa kamisheni. Kwa hiyo alikuwa amejichapishia kwa maana tunayoielewa, isipokuwa yeye alikuwa na kampuni nzima ya kumtekelezea. Akakitaka kitabu kizuri: kitambaa chekundu, kurasa zenye kingo za dhahabu, michoro ya rangi ya John Leech. Karatasi za ndani ya jalada zilipotoka na rangi ya kijani iliyofifia, akazikataa. Zikawekwa za njano. Za njano zikagombana na rangi za ukurasa wa jina, nao ukabidi uchapwe upya. Kitabu kilikamilika siku mbili tu kabla ya kutoka, tarehe 19 Desemba.

Kiliuza nakala 6,000 kufikia mkesha wa Krismasi. Yeye alitegemea faida ya pauni 1,000 kutokana na toleo hilo la kwanza, akapata 230 tu, kwa sababu gharama za uzuri ule zilikula fedha. Ninachokiona mimi hapo ni ile karatasi ya njano. Dickens alikuwa na haki ya kuikataa ya kijani, kama mimi nilivyokuwa na haki ya kulikataa jina la zamani. Lakini kitabu kikishakuwa kitu cha kushikika, hakuna badiliko linalokaa peke yake. Ukigusa karatasi umegusa ukurasa wa jina. Ukigusa maneno umegusa mgongo. Hadithi ikiwa bado mswada hubadilika kama maji, unafuta aya na nyingine zinajaza nafasi. Kitabu ni kama mlango: ukisogeza bawaba moja, zote zinalalamika.

Hapo ndipo kiini cha kisa changu kilipo. Mpango wangu wa mwezi uliweka kujifunza kwanza na kuchapa baadaye, kana kwamba masomo yangekoma tarehe 20. Hayakukoma. Jina lilikuwa tunda la mwisho la somo la The Haunting, likaiva tarehe 24, siku nne ndani ya kazi nyingine. Katika shirika la uchapishaji, taarifa ya jina jipya ingepita mezani kwa mhariri, msanifu wa kurasa, msomaprufu na mtu wa usajili, na kila mmoja angeuliza swali lake. Mimi nilikuwa watu wote hao, na niliyekuwa macho ni mwandishi peke yake, akiwa na furaha ya kupata neno sahihi.

Uamuzi na kilichofuata

Usiku wa tarehe 29 nilikuwa na njia tatu: kutoa vyote tarehe 31 na kurekebisha baadaye, kuahirisha vyote, au kuvitenganisha. Njia ya kwanza ina watetezi. Kitabu kinachochapwa nakala moja moja kwa agizo hubadilishiwa faili wakati wowote, na wako wanaosema nakala za mwanzo zenye kasoro hazimuumizi mtu. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayenunua siku ya kwanza ndiye aliyekuamini kabla ya wote, naye ndiye angepewa kitabu chenye uzi mwekundu na majina mawili.

Nikavitenganisha. Faili la EPUB nililirekebisha usiku uleule: taarifa za ndani, ukurasa wa hakimiliki, kisha nikalifungua kwenye programu tatu tofauti kuhakikisha rafu zote zinaonyesha Hodi. Tarehe 30 nikarekebisha usajili. Tarehe 31 kitabu cha kielektroniki kikatoka, na wasomaji wa msimu wakakikuta. Cha karatasi nikatangaza kwamba kitachelewa, nikaeleza na sababu. Nikampigia simu tena msanifu, safari hii nikiwa na karatasi mbele yangu yenye idadi ya kurasa, aina ya karatasi, upana wa mgongo na maneno yote ya jalada la nyuma yakiwa yamesomwa upya. Nikamwomba radhi kwa lile jibu la tarehe 24. "Ningeuliza na kurasa," akasema. Kwa haki kabisa, halikuwa jukumu lake. Nakala ya pili ya majaribio ilifika tarehe 12 Novemba. Niliisoma yote, kurasa 136, jicho likiwa juu ya matini kuliko ndani yake. Ikatoka tarehe 16.

Swali la kama jina lilistahili usumbufu wote huu lilijibiwa na yule mdogo wangu aliyeuliza Hodi iko wapi. Alimaliza kitabu Novemba 2, akaniandikia kwa kirefu. Alikipenda, lakini akasema tangu sura ya pili alishajua sauti inatoka ndani ya ukuta, maana rafu yake ilimwambia mapema kuna chumba kimezibwa, kwa hiyo usiku wote alikuwa anausubiri ukuta. Nikawauliza wasomaji wawili walioliona jina la jaladani, Hodi, peke yake. Wao walikuwa wanausubiri mlango.